Sura ya Nne: Upepo Kwanza, Mvua Baadaye

Alasiri ya mwezi wa Agosti, anga ya Paje, mashariki mwa Unguja, hujaa matiara makubwa ya rangi. Chini yake wanateleza watu waliosimama juu ya mbao, wakivutwa na upepo wa kusi unaoingia moja kwa moja kutoka bahari kuu. Kwao hiyo ndiyo pepo ya duniani. Aliyekuja na kitabu na mkeka, akitaka kulala kivulini na kuogelea kidogo, anahangaika na mchanga unaomrukia machoni na maji yaliyovurugika. Siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, huko Kendwa, upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa hichohicho, bahari imelala na watoto wanaogelea bila wasiwasi. Kati ya pwani hizi mbili hakuna hata saa mbili za barabara.

Wageni wa Paje na wageni wa Kendwa walisoma jambo moja kabla ya kukata tiketi: kwamba Agosti ni mwezi wa kiangazi na ni mzuri kwa Zanzibar. Ni kweli. Lakini ukweli huo umewasaidia nusu tu, kwa sababu anayechagua muda wa kwenda pwani ya nchi za joto huuliza mvua inanyesha lini, halafu anaishia hapo.

Joto nalo halimsaidii sana kuchagua. Zanzibar, mchana wa Februari au Machi hufika nyuzi 32 au 33, na mchana wa Julai huzunguka 28 au 29. Maji ya bahari hushuka hadi kama nyuzi 25 mwezi wa Agosti na Septemba, kisha hupanda karibu na 29 au zaidi ifikapo Machi. Mtu wa Mbeya au wa Nairobi ataoga katika maji hayo mwaka mzima bila kutetemeka. Kinachobadilika kweli ni upepo. Upepo ndio unaoleta mvua au kuifukuza, unaochafua maji au kuyaacha yang'ae, unaoamua kama boti ya asubuhi itaondoka, na hata kama samaki wa mchana amevuliwa leo.

Jambo la kwanza la kufuta akilini ni wazo kwamba nchi zote za joto zina msimu mmoja. Hurikani za Karibi na Atlantiki zina msimu wake rasmi, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kule Goa, India, vibanda vya ufukweni hung'olewa kabla mvua za Juni hazijafika. Bali huwa kavu tangu Aprili hadi Oktoba. Thailand ndiyo inayofundisha zaidi: Phuket, upande wa magharibi, hupata mvua zake nyingi kati ya Mei na Oktoba, ilhali kisiwa cha Ko Samui, upande wa pili wa rasi, hulowa zaidi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Anayeuliza Thailand ni nzuri lini hana budi kwanza kusema anakwenda pwani ipi.

Pwani ya Afrika Mashariki ina bahati ya kuwa na mpangilio unaoeleweka, na wenyeji wake wameutegemea kwa karne nyingi. Mkanda wa mawingu na mvua hulifuata jua likipanda kaskazini na kushuka kusini mwa ikweta. Kuanzia Desemba hadi Machi, hewa husukumwa kutoka Arabuni na India kuelekea kusini. Huo ndio kaskazi. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa hupanda kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Huo ni kusi, nao una nguvu zaidi. Mkanda wa mvua ukipita kwenda kaskazini huacha masika, kati ya Machi na Mei. Ukirudi kusini huacha vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Katikati ya pepo hizi kuna vipindi vya matlai, pepo nyepesi za kutoka mashariki, ambapo bahari hupumua.

Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya India yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifuata njia hiyo ya upepo. Na kwa kuwa mwaka wa Hijria huzunguka misimu yote, manahodha na wakulima wa pwani walihitaji hesabu nyingine: mwaka wa jua wa siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Mwaka Kogwa unaosherehekewa Makunduchi kila Julai ni mabaki hai ya hesabu hiyo. Mgeni anayebahatika kuwa Unguja wakati huo huona vijana wakipigana kwa migomba na kibanda cha makuti kikichomwa moto, na anakuwa amefika pwani katika siku ambayo wenyeji wenyewe waliiona kuwa ya kuanza upya.

Kusi, basi, ndio msimu ambao wengi husafiri. Juni hadi Septemba mvua ni chache, usiku una ubaridi mtamu, na mbu wa masika wanapungua kadiri ardhi inavyokauka. Wazungu wengi wako likizo. Nyangumi wenye nundu nao wanapanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa, na kati ya Julai na Septemba huonekana nje ya Watamu na Diani, pwani ya Kenya, na visiwani. Lakini kusi una gharama yake. Maji ya upande wa mashariki huwa na mawimbi na ukungu wa mchanga, hivyo wazamiaji wanaotaka kuona mbali ni afadhali wasubiri Oktoba. Wavuvi wenye ngalawa hawaendi mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mara kwa mara tahadhari za upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, na tahadhari hizo zinastahili kusomwa na kila anayevuka. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuliwa na upepo mkali, na watu wengi wakapoteza maisha. Msafiri wa Julai ana haki ya kuahirisha safari siku moja, na anapaswa kupanga ratiba yake iweze kubeba siku hiyo.

Dawa ya kusi ni kuuweka mgongoni. Kendwa na pwani ya magharibi ya Unguja zina kisiwa kizima cha kuzikinga. Kaskazi ukishika zamu, hesabu inageuka: upande wa mashariki wa rasi ya Nungwi hupigwa, na Kizimkazi na Fumba, huko kusini-magharibi, hutulia. Mtu aliyeshika kanuni hii moja anaweza kuchagua ufukwe mzuri karibu mwezi wowote, mradi ramani ya kisiwa iwe mezani pamoja na kalenda.

Upepo huohuo wa kusi hauishii Lamu. Ukivuka ikweta hupinda kuelekea kaskazini-mashariki, ukapita kando ya Somalia na kufika Dhofar, kusini mwa Oman. Huko husukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani, na maji baridi ya vilindini yakapanda kuziba nafasi. Hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji hayo hugeuka ukungu na manyunyu, milima iliyo nyuma ya mji wa Salalah ikayanasa, na jangwa likawa kijani. Waomani huita kipindi hicho Khareef, na kimepangiwa rasmi tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba. Muscat wakati huo joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo familia kutoka Oman yote, Saudia na Falme za Kiarabu humiminika Salalah kunyeshewa. Ndiyo, kunyeshewa: wanatandika mazulia nyasini, wanapika, na watoto wanakimbia kwenye manyunyu ambayo mtalii wa Ulaya angeyakimbia.

Pwani ya Salalah yenyewe, katika miezi hiyo, si ya kuogelea hata kidogo. Mawimbi ya ufukwe wa Mughsail hupiga miamba na kurusha maji hewani kupitia matundu ya mawe. Ni tamasha la kutazama ukiwa mbali. Wanaotaka mchanga na maji matulivu hufika kuanzia Oktoba hadi Aprili, na ndipo ndege za kukodi kutoka Ulaya huanza kutua. Wapo pia Waomani wenye asili ya Unguja na Pemba, wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao, ambao Julai huwapa chaguo la pekee: waende Salalah upepo unakofika, au waje Zanzibar unakopita. Salalah peke yake, basi, ina misimu miwili mizuri iliyo kinyume kabisa, na uzuri wa kila mmoja unategemea anayesafiri anatafuta nini.

Masika hayahitaji maneno mengi. Aprili ndiyo yenye mvua nyingi zaidi Unguja, mara nyingi zaidi ya milimita 300 kwa mwezi. Mombasa na Lamu kilele huja Mei. Hoteli nyingi hufunga kwa ukarabati, na huko Shela, Lamu, nyumba nyingi za wageni hufungwa hadi Juni. Aliye na bajeti ndogo na asiyejali kukaa barazani saa chache akisubiri mvua ipite atapata chumba kwa bei ambayo Agosti hawezi kuiota. Ni chaguo la heshima. Afahamu tu kwamba vimbunga, ambavyo ni adimu karibu na ikweta, vina tarehe zake: kilichoharibu majahazi na mashamba ya mikarafuu Zanzibar mwaka 1872, kilichopiga Lindi mwaka 1952, Kenneth kilichoangukia Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2019, na Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 na kusimamisha safari za boti za Zanzibar, vyote vilikuja kati ya katikati ya Aprili na mwanzoni mwa Mei.

Vuli ni tofauti, na haieleweki na wengi. Katika mwaka wa kawaida ni mvua za vipindi, jua likirudi baada ya saa moja au mbili, na Oktoba mara nyingi hupita bila vurugu. Matlai yanapotuliza bahari, maji hung'aa kuliko wakati mwingine wowote. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, Mafia. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, anakula vijidudu vya majini, na mtu anaweza kuogelea kando yake. Kwa anayependa bahari yenyewe kuliko kulala juani, Oktoba ni mwezi wa kuupigania.

Ila vuli ina miaka ya hasira. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yakipata joto kuliko kawaida, na yale ya Indonesia yakipoa, mawingu huhamia huku. Mwaka 1997, 2019 na 2023 vuli iligeuka mafuriko, barabara zikakatika na watu wakapoteza makazi. Mwaka 2022 mambo yalikuwa kinyume, na mvua zikakosekana. Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya hutangaza mwelekeo wa vuli kabla haijaanza, na tangazo hilo lina thamani kuliko wastani wa miaka 30 uliochapishwa katika vitabu vya watalii. Mwenye nia ya kusafiri Novemba angojee tangazo ndipo alipe.

Mvua za Novemba huacha alama Malindi pia. Mto Sabaki, unaobeba udongo kutoka nyanda za juu za Kenya, humwaga maji mekundu kaskazini mwa mji. Kaskazi ukianza, udongo huo husukumwa kusini, na ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa katika wiki ambazo wageni wa Krismasi wanafika. Watamu, kusini zaidi, huathirika kidogo. Mtu anayejua hili hulipa nauli ya ziada ya matatu, na anaogelea kwenye maji ya buluu.

Kisha huja kaskazi, na pamoja nao Desemba, msimu wa msongamano. Tangu treni ya SGR ianze kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, tiketi za wiki ya Krismasi huisha mapema, na vyumba vya Diani na Nungwi hupanda bei hadi wiki ya kwanza ya Januari. Baada ya hapo pwani hupumua. Katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari jua ni kali, embe zimejaa masokoni, wavuvi wanakwenda mbali zaidi, na mji mkongwe wa Zanzibar una tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Kwa msafiri asiyefungwa na kalenda ya shule, hakuna kipindi kinachozidi hiki.

Miaka hii, hata hivyo, Ramadhani imeingia humo. Mwaka 2026 ilitarajiwa kuanza kama tarehe 18 au 19 Februari, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, hata 2030 itafika mara mbili, Januari na mwishoni mwa Desemba. Migahawa mingi ya mitaani hufunga mchana, na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji adabu. Jioni lakini ni neema: baada ya adhana ya magharibi, Forodhani, katika mji mkongwe, na vichochoro vyake hujaa watu na harufu za vyakula. Aliye tayari kubadili mchana wake uwe usiku atakumbuka safari hiyo maisha yake yote.

Mpaka hapa hesabu imekuwa ya miezi. Iko hesabu nyingine ya siku, na kwa pwani hii ndiyo inayosahaulika zaidi: mwezi wa angani. Katika siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Katika robo za mwezi huja maji mafu, na tofauti hupungua sana. Kule Paje, Bwejuu na Jambiani, maji ya bamvua yakipwa hurudi nyuma hadi kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja katika sehemu nyingine, na wanawake wa vijiji hivyo hushuka kuhudumia mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza hapo mwaka 1989. Mgeni aliyelipia chumba kinachoangalia bahari anaamka na kukuta bahari haipo. Wengi hulalamika mapokezi, kana kwamba hoteli imeiba maji.

Siri ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki ovyo. Unguja na Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka: maji mafu hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wala hayarudi mbali jioni. Mwenye kutaka kuogelea na watoto asubuhi achague robo ya mwezi. Mwenye kutaka kutembea juu ya mwamba na kuona nyota za bahari kwenye vidimbwi achague bamvua, avae viatu vya mpira kwa ajili ya miiba na mawe makali, na amfuate mwenyeji.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi hesabu hizi zinavyokutana. Familia ya Nairobi imefungwa na likizo ya shule ya Agosti 2026. Kusi unavuma, na pwani ya Kenya yote inatazama mashariki, haina upande wa nyuma kama Unguja. Mwamba wa Diani huvunja mawimbi makubwa, ila upepo unabaki. Kwa hiyo walio na watoto wadogo watafurahia zaidi maji yaliyoingia nchi kavu, kama mkono wa bahari wa Kilifi au Mida. Robo ya mwisho ya mwezi ni tarehe 6 Agosti, mwezi mwandamo tarehe 12, robo ya kwanza tarehe 20. Basi wakifika tarehe 6 au 7 watapata maji ya kuogelea asubuhi kwa siku nne hivi, na wakibaki hadi tarehe 14 watapata mwamba mkavu wa kutembelea kabla ya chakula cha mchana. Safari ya mashua ya kutazama nyangumi nje ya Watamu waiwekee nafasi mwanzoni mwa ziara yao, wala si siku ya mwisho, kwa sababu nahodha anaweza kuiahirisha asubuhi ileile upepo ukizidi, na wao watahitaji siku nyingine ya kujaribu tena.